1650 dhidi ya 1780: pointi ya mchezo wa mashindano hupotelea wapi

Weka wachezaji wawili wa sataranji (chess) mezani. Mweupe ana reitingi, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, ya 1650, Mweusi 1780. Kila mmoja ana dakika 90, na saa inamwongezea sekunde 30 kwa kila hatua. Wengi wakijiandaa kwa mchezo wa namna hii hukesha wakikariri hatua za ufunguzi. Mimi naona kwa kiwango hiki pointi hupotea mbele zaidi, kati ya hatua ya 25 na ya 45 hivi: vitunda, zile kete ndogo za mbele, vimeshajipanga, kete zimepungua, na saa imeanza kubana. Anayejua ufunguzi wake unampeleka kwenye mwisho wa aina gani anafika hapo akiwa na la kufanya. Aliyekariri tu anafika akiwa na dakika saba.

Nitatumia herufi za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda hakina herufi, kinatajwa kwa mraba wake tu. Safu za wima ni a hadi h, mistari ya mlalo ni 1 hadi 8. Alama ya x ni kula, + ni cheki, yaani mfalme ameshambuliwa, na O-O ni mfalme na ngome kusogea pamoja kwa hatua moja ili mfalme ajifiche pembeni. Nukta tatu mbele ya hatua zinaonyesha ni ya Mweusi.

Kwanza hesabu, kwa sababu inaathiri maamuzi ya mezani kuliko watu wanavyokiri. Mfumo wa reitingi tunaoutumia ulibuniwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, wakaupokea mwaka 1970. Tofauti ya hapa ni 130. Kwa jedwali la FIDE, mwenye 1780 anatarajiwa kupata 0.68 ya pointi na mwenye 1650 anatarajiwa 0.32. Unachukua ulichopata (ushindi ni 1, sare 0.5, kufungwa 0), unatoa ulichotarajiwa, unazidisha kwa kipimo cha K, ambacho hapa si mfalme bali ni namba inayoamua reitingi ibadilike kwa kasi gani. Kwa mtu mzima aliyeshacheza michezo 30 yenye reitingi na hajawahi kufika 2400, K ni 20. Kwa hiyo Mweupe akishinda anapanda 13.6, wakitoka sare anapanda 3.6, akifungwa anashuka 6.4. Kwa Mweusi ni kinyume chake: ushindi unampa 6.4 tu, sare inamgharimu 3.6, na kufungwa kunamgharimu 13.6. Mgeni ambaye hajatimiza michezo 30, au kijana wa chini ya miaka 18 ambaye bado yuko chini ya 2300, ana K ya 40, kwa hiyo namba zake ni maradufu.

Namba hizo ndizo zinazomfanya mwenye 1780 akatae sare kwenye nafasi iliyo sawa kabisa, aanze kulazimisha mambo, na kujichimbia shimo. Na ndizo zinazomfanya mwenye 1650 aombe sare kwenye nafasi aliyopaswa kuendelea kuibana. Ukiwa chini kwa reitingi na nafasi yako ni nzuri, usimwokoe mwenzako. 3.6 ni ndogo mno kulinganisha na 13.6.

Sasa tucheze. Mfano wangu ni mpango wa kale na wa wazi, ambao vitunda vyake vinaeleza wenyewe mchezo mzima utaelekea wapi:

1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.Bg5 Nbd7 5.cxd5 exd5

Hapa pana mtego unaokamata watu kila msimu. Farasi wa f6 anaonekana amebanwa na askofu wa g5, kwamba akiondoka malkia wa d8 ataliwa. Kwa hiyo kitunda cha d5 kinaonekana cha bure. Mweupe akikila kwa 6.Nxd5, Mweusi anajibu 6...Nxd5 bila kuhofia malkia. Halafu 7.Bxd8 Bb4+, na Mweupe hana pa kukimbilia isipokuwa kuweka malkia wake katikati: 8.Qd2 Bxd2+ 9.Kxd2 Kxd8. Hesabu kete: malkia kwa malkia, askofu kwa askofu, na Mweupe ametoa farasi mzima kwa kitunda kimoja. Kosa limetokana na kuhesabu kubanwa kulikokuwa kwa malkia kama vile ni kwa mfalme. Kete iliyobanwa mbele ya mfalme haiwezi kuondoka kwa mujibu wa sheria. Iliyobanwa mbele ya malkia inaweza kuondoka wakati wowote ikiwa kuna cheki njiani.

Mweupe mwenye 1650 kwa kawaida ameshaujua mtego huu, kwa hiyo anaendelea:

6.e3 c6 7.Bd3 Be7 8.Qc2 O-O 9.Nf3 Re8 10.O-O Nf8 11.Rab1 a5 12.a3 Ng6 13.b4 axb4 14.axb4

Tusimame hapa, maana hapa ndipo mchezo ulipo. Tazama vitunda tu, sahau kete nyingine. Upande wa malkia Mweupe ana kitunda kimoja, cha b4. Mweusi ana viwili, b7 na c6. Mweupe mwenye wachache anakwenda kuwashambulia walio wengi: b5, halafu bxc6, Mweusi anarudisha bxc6, na kitunda cha c6 kinabaki peke yake, nyuma ya d5, kwenye safu ambayo ngome ya Mweupe inaingia moja kwa moja kutoka c1. Hakuna kitunda jirani cha kukilinda. Kitalindwa na kete, na kete inayolinda haishambulii.

Mpango ni rahisi kuutaja, na ndiyo maana watu huuharibu kwa haraka. Kosa la kwanza la Mweupe ni kusukuma b5 bila kutazama kama Mweusi anaweza kujibu ...c5. Akiweza, udhaifu uliokusudiwa haupo tena na kitunda cha b5 kinabaki kikining'inia. Kosa la pili ni kubadilishana kete ovyo. Mweupe anataka kete chache, kwa sababu mashambulizi ya Mweusi upande wa mfalme yanahitaji watu. Lakini abadilishane zipi? Kubadilishana maaskofu wa miraba meupe kwa kawaida ni nafuu kwa Mweusi, kwani askofu wake huyo amefungiwa nyuma ya vitunda vyake vya d5 na c6. Mweusi anapoweka askofu f5 na kukuomba mbadilishane, ujue anajitua mzigo. Wakati mwingine huna njia ya kumzuia, lakini usimkimbilie wewe.

Kwa Mweusi, dawa si kukaa na kungoja. Anataka farasi e4, kete zielekee kwa mfalme wa Mweupe, na kama nafasi ikiruhusu, kujibu b4 kwa kusukuma ...b5 mwenyewe na kupeleka farasi c4. Kitunda cha c6 kinabaki dhaifu, ndiyo, lakini farasi wa c4 anaziba safu na udhaifu hauonekani tena kutoka c1. Mweusi wa 1780 anayejua jambo hili moja ameshavuka nusu ya hatari.

Saa na karatasi

Dakika 90 na sekunde 30 kwa hatua maana yake ni kwamba hadi hatua ya 40 una jumla ya dakika 110, yaani wastani wa dakika mbili na sekunde 45 kwa hatua moja. Wastani huo haupaswi kugawanywa sawasawa. Hatua 12 za mwanzo, ambazo umezisoma nyumbani, zisizidi dakika 15. Ukimaliza hatua ya 20, uwe na angalau dakika 55 kwenye saa. Ukifika ya 30 uwe na 20 au zaidi. Hizi ni alama zangu, si sheria, lakini anayezipita kwa mbali huwa analipa kwenye mwisho wa ngome, yaani zikibaki ngome na vitunda tu pamoja na wafalme, ambako hatua moja inageuza sare kuwa kufungwa.

Sheria za FIDE zinaruhusu kuandika muda wa saa kwenye karatasi ya hatua, pamoja na hatua zenyewe, maombi ya sare na madai. Itumie ruhusa hiyo. Kila hatua tano andika dakika zilizobaki pembeni. Baada ya mchezo utaona ni wapi ulipoteza dakika 18 kwa hatua ambayo ilikuwa dhahiri tangu mwanzo. Usichoruhusiwa ni kuandika hatua kabla ya kuicheza ili uitazame kwanza. Unacheza, kisha unaandika. Ruhusa pekee ya kuandika kwanza katika hali ya kawaida ni unapodai sare, nitaifikia.

Jambo jingine: ukiwa na nyongeza ya sekunde 30, wajibu wa kuandika hauishi hata ukibaki na sekunde kumi. Msamaha wa kuacha kuandika ukiwa chini ya dakika tano ni wa michezo isiyo na nyongeza ya sekunde 30. Watu wanachanganya hizi mbili na kuonywa na mwamuzi katika dakika ambayo hawataki kusemeshwa na mtu.

Mkono nao una sheria zake. Ukigusa kete yako kwa kukusudia, lazima uichezeshe kama ina hatua halali. Ukigusa ya mpinzani, lazima uile kama inalika. Ukitaka kuinyoosha tu kwenye mraba wake, sema kwanza kwamba unarekebisha, na iwe zamu yako. Kwenye O-O shika mfalme kwanza. Ukishika ngome kwanza umepoteza haki ya kufanya O-O upande huo, na itakubidi uichezeshe ngome hiyo kama ina hatua. Kila kitu kwa mkono mmoja: kutumia mikono miwili kwa hatua moja, kwa mfano unapokula, kisha ukabonyeza saa, kunahesabiwa kama hatua haramu. Hatua haramu ya kwanza iliyokamilika, yaani uliyobonyeza saa baada yake, inampa mpinzani dakika mbili. Ya pili inakufungisha mchezo, isipokuwa kama mpinzani hana njia yoyote halali ya kumfikisha mfalme wako kwenye chekimeti. Hapo ni sare. Kosa la aina hii linalouma kuliko yote ni la kitunda kinachofika mstari wa mwisho, ambapo lazima kibadilishwe kuwa malkia au kete nyingine. Mtu anakisukuma, anabonyeza saa, kitunda bado kimekaa pale kama kitunda. Hiyo ni hatua haramu. Kama malkia wa akiba hayupo karibu, simamisha saa, mwite mwamuzi akuletee, ndipo ukamilishe. Usigeuze ngome juu chini ukasema ni malkia. Hiyo itahesabiwa kuwa ngome.

Simu isikae mwilini. Mfukoni ikiwa imezimwa bado ni kosa, na kwa kanuni ya kawaida adhabu ni kufungwa, ingawa mashindano yanaweza kutangaza adhabu ndogo zaidi. Kama mashindano yanaruhusu, iache kwenye begi ikiwa imezimwa kabisa, na begi usiliguse bila ruhusa ya mwamuzi.

Hatua ya 25 hadi ya 45

Turudi mezani. Mweupe amepata alichotaka: b5, bxc6, bxc6, kisha baada ya kubadilishana kete nyingi amekila kitunda cha c6 kwa ngome. Sasa Mweupe ana d4, e3, f2, g2, h2. Mweusi ana d5, f7, g7, h7. Kila mmoja ana ngome moja. Vitano kwa vinne. Saa ya Mweupe inasoma dakika 14, ya Mweusi dakika 9.

Mweupe anaamini ameshashinda. Hajashinda. Mwisho wa ngome ndio unaookoa watu kuliko mwisho mwingine wowote, mradi ngome ya mlinzi iko huru. Mweusi anayeirudisha ngome yake kukaa nyuma ya kitunda cha d5 na kungoja ataburuzwa polepole hadi afe. Anayeipeleka nyuma ya safu za Mweupe, mraba wa a2 kwa mfano, kubana f2 na kumsumbua mfalme, anampa Mweupe kazi ya kweli. Mweupe kwa upande wake hana njia ya kwenda mbele bila kupanga f3 na e4, ili atengeneze kitunda kinachopita. Asifanye hivyo mfalme wake akiwa bado g1. Mfalme kwanza, kitunda baadaye.

Baada ya hatua nyingi za kubadilishana vitunda, hubaki nafasi ambayo kila mwenye reitingi anapaswa kuijua akiwa usingizini. Mweupe: mfalme d5, kitunda e5, ngome h7. Mweusi: mfalme e8, ngome a6. Hii ni sare, na njia ya kuipata inajulikana tangu karne ya 18 kwa jina la Philidor. Ngome ya Mweusi inabaki kwenye mstari wa sita ikitembea pembeni, a6, b6, a6, ili mfalme wa Mweupe asiweze kupanda. Mweupe hana la kufanya ila kusukuma e6. Sekunde hiyo hiyo ngome inashuka: 1.e6 Ra1. Sasa 2.Kd6, akitishia Rh8 na chekimeti, anajibiwa 2...Rd1+, na mfalme hana pa kujificha, kwa sababu mraba wa e6, ambao ungekuwa paa lake, umekaliwa na kitunda chake mwenyewe. 3.Ke5 Re1+ 4.Kf6 Rf1+, na cheki haziishi.

Kosa linalotokea hapa ni moja: ngome kushuka mapema, kitunda kikiwa bado e5. Mfalme wa Mweupe anaingia e6, anatishia chekimeti, na Mweusi sasa inambidi ajue kwamba mfalme aende f8, upande mfupi wa ubao, si d8. Bado ni sare, lakini ukiwa na dakika mbili na moyo unadunda, ni rahisi kuchagua upande usio sahihi.

Upande wa pili wa sarafu ni nafasi ya Lucena. Mfalme wa Mweupe e8, kitunda e7, ngome g1. Mfalme wa Mweusi h7, ngome d2. Mweupe anashinda, lakini si kwa haraka. Akitoka mara moja, 1.Kf7 Rf2+ 2.Ke6 Re2+, anazungushwa na cheki bila mwisho mpaka arudi alikotoka. Hatua sahihi ni 1.Rg4, ngome kwenye mstari wa nne. Haionekani kufanya lolote. Halafu 1...Rd1 2.Kf7 Rf1+ 3.Ke6 Re1+ 4.Kf6 Rf1+ 5.Ke5 Re1+ 6.Re4. Ngome imeziba cheki, na kitunda kinapita. Kwa nini mstari wa nne? Kwa sababu mfalme anaposhuka akikimbia cheki atafika e5, na mraba wa kuziba ni e4, chini yake. Ukielewa hilo huhitaji kukariri hatua.

Kutoka kwenye vitano kwa vinne, yule anayejua nafasi hizi mbili anajua anaelekea wapi na ni kubadilishana kupi kwa kukubali. Asiyejua anahesabu upya kila hatua, kwa sekunde 30.

Sare inadaiwaje

Kuomba sare kuna mpangilio wake: cheza hatua, sema unaomba sare, kisha bonyeza saa. Andika alama ya = kwenye karatasi; wachezaji wote wawili wanaandika. Ombi halirudishwi nyuma. Linabaki hai hadi mpinzani akubali, akatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kucheza. Kuomba wakati mwenzako anafikiri ombi litahesabika, lakini mwamuzi anaweza kukuadhibu kwa kumsumbua.

Nafasi ikijirudia mara tatu, si lazima mfululizo, huhitaji ridhaa ya mtu. Mchezaji yule yule awe na zamu, na haki zote za O-O na za kula kitunda njiani (en passant) ziwe zile zile. Kama hatua yako ndiyo itakayoleta marudio ya tatu, usiicheze. Iandike kwenye karatasi, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie unakusudia kuicheza. Ukigusa kete umepoteza haki hiyo kwa hatua ile. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili na hatua uliyoandika lazima uicheze. Utaratibu ni huo huo kwa hatua 50 bila kitunda kusogea wala kete kuliwa. Marudio matano, au hatua 75, mchezo unaisha wenyewe bila dai.

Nani anacheza hatua 50 bila kula kitu? Ngome na askofu dhidi ya ngome. Huko Belgrade mwaka 1989, Ivan Nikolić na Goran Arsović walicheza hatua 269 wakamalizia kwenye nafasi ya aina hiyo, sare. Wakati huo FIDE iliruhusu hatua 100 kwa mwisho huo. Leo ni 50 kwa mwisho wowote.

Mchezo ukiisha, simamisha saa, andika matokeo kwenye karatasi zote mbili na kila mmoja atie sahihi zote mbili. Soma kabla ya kusaini, kwa sababu matokeo yaliyosainiwa yanasimama hata kama yameandikwa kimakosa, labda mwamuzi aamue vingine. Kisha, kabla ya kuwasha programu yoyote ya uchambuzi, kaa na mpinzani wako nje ya ukumbi mpitie hatua ya 25 hadi ya 45 mkiwa na zile dakika mlizoandika pembeni. Muulize alikuwa anaogopa nini alipokataa kubadilishana ngome. Programu itakuonyesha hatua bora, lakini hilo ni mpinzani pekee anayeweza kukujibu.